Fulana Niliyolala Nayo

4 Februari

Dada yangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Nimefika mzima, isipokuwa miguu iliyovimba kwa safari na masikio ambayo mpaka leo yanasikia injini. Nyinyi hamjambo? Kikohozi cha shemeji kimepungua? Mwambie viatu alivyonishonea vimesifiwa na metroni wa wodi, na huyo mama si mtu wa kusifu ovyo.

Chumba nalala na mkunga mmoja ambaye naye amekuja kujitolea kama mimi. Anakoroma kama mtu anayeburuta kabati, lakini mchana ni mtu wa watu na tumeelewana. Kitanda changu kiko dirishani, chini yake kuna bomba la maji ambapo wauguzi wanafua sare zao. Ungewaona wanavyokamua ungeshuka uwapokonye. Lugha ya hapa bado inanipiga chenga, naongea kwa mikono kuliko kwa mdomo.

Wamenipangia wodi ya watoto njiti. Hawalazwi kitandani, Dada. Mama anafungwa mwanawe kifuani, ngozi kwa ngozi, kitambaa juu, anazunguka naye hivyo kutwa nzima. Anakula naye, analala naye ameegemea mito. Ukiwaona wamejipanga kwenye korido na vifua vimetuna utadhani wamekamatwa na magendo. Mtoto anapata joto la mama, akisahau kupumua anakumbushwa na kifua kinachopanda na kushuka. Mashine ni chache na umeme ni wa kubahatisha, kwa hiyo kazi inafanywa na vifua.

Siku ya kwanza nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia. Kama wodi niliyojifungulia mwaka jana ingelijua jambo hili, leo ungekuwa unanilelea mapacha wawili badala ya mmoja. Nimekuja kulijua na kulifanya, basi. Wanaosema nimekuja kuona dunia waache waseme.

Mwanangu Kidole anakulaje? Nilimwachisha ziwa kwa haraka mno, najua, na kifua kiliniuma njia nzima. Asilale bila soksi. Na ile picha yangu ya kwenye fremu mwonyeshe kila asubuhi, mwambie huyu ni mama. Miezi sita si mingi.

Mdogo wako

1 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imefika imelowa, nimeianika kwenye kamba pamoja na mashuka ya nyumba ya wageni, ikakauka vizuri. Sisi wazima. Shemeji yako anakohoa na kazi anafanya, amefurahi kusikia viatu vyake vinatembea ng'ambo, sasa hivi hashikiki. Mimi udobi umenikaba koo. Nyumba ya wageni safari hii imepata wageni wachafu kweli, nafua mashuka mpaka najiuliza wanalala au wanalima.

Mwanao hajambo. Lile jina la Kidole tulilompa kwa udogo wake wa kuzaliwa itabidi tulibadilishe, huyu sasa ni mkono mzima. Anakula mpaka namwonea haya. Analala katikati yetu, shemeji yako amesukumwa hadi ukutani na hasemi kitu. Unajua nyumba hii tangu tuoane haijawahi kuwa na kelele. Siku hizi tunaitana kwa kupiga ukelele.

Nina ombi, usinikasirikie. Simu usipige kwanza. Jumapili ile ulipopiga, baada ya kukata aliichukua simu akaigeuza akaangalia nyuma yake. Akaitikisa. Halafu akaanza kufungua milango, hata ya kabati. Hakula mpaka kesho yake. Tuandikiane tu.

Jingine nilitaka kulinyamazia lakini utalisikia kwa watu: ameanza kutembea. Alikuwa ameshika beseni, akaliachia, akaja mwenyewe hadi magotini kwangu. Mikono yangu ilikuwa imejaa sabuni, ikawa shida hata kumdaka. Nililia kwa niaba yako.

Picha nitamwonyesha.

Dada yako

20 Machi

Dada,

Hamjambo wote? Mimi nipo, nimekonda kidogo, mkunga anasema nimeanza kupendeza, wewe ungesema nimekuwa kama mwiko. Pole kwa mashuka. Pole kwa mikono.

Kuhusu kutembea, nimefurahi. Niliisoma barua nikiwa zamu, nikaikunja, nikaendelea kupima watoto. Jioni niliisoma tena nikajaribu kumwona akija kwako kutoka kwenye beseni, lakini kwangu bado anatambaa, nashindwa kumsimamisha.

Simu sitapiga. Umeamua vizuri.

Mimi nimepata mpangaji. Kuna kitoto cha kike, mama yake alifariki wakati wa kujifungua, ndugu wako mbali na hawajaonekana. Watoto wa namna hiyo tunawabeba wauguzi. Metroni alinivua koti mwenyewe, akanifunga huyo binti kifuani bila kuniuliza kama niko tayari. Kabla hawajaruhusiwa hatuwapi majina, ndiyo desturi ya wodi, kwa hiyo mimi namwita Mpangaji: amehamia kifuani, hatoi shukrani, na usiku ananiamsha. Leo ameongezeka uzito kidogo. Wauguzi walinipigia makofi, hata yule mfagiaji aliyenuna tangu nifike alicheka. Siku kama hizi, Dada, ndizo zinazonifanya nisahau mgongo.

Sasa nisikilize. Kuna daktari anarudi huko, nimempa kifurushi cha kukuletea. Ndani kuna fulana yangu ya kijani. Nimelala nayo wiki nzima, usicheke. Huku mama akiugua, akashindwa kumbeba mwanawe, tunachukua nguo aliyoivaa tunamlaza mtoto juu yake. Mtoto ananusa, anatulia, anajua mama yupo. Nimeona kwa macho yangu. Mlaze Kidole nayo, mwachie aikumbatie anavyotaka. Ila usiifue. Najua ninayemwambia ni nani, ndiyo maana narudia: usiifue, Dada.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Barua yako sijaiona mwezi mzima, ila daktari wako amepita jana na kifurushi. Kijana mpole, alikunywa chai akasifia mtoto. Nilikifungua mbio mbio nikitafuta maneno, sikuona hata kikaratasi, nikakuta fulana.

Wewe mtoto una vituko. Umeivusha fulana mipaka yote hiyo kumletea dobi nguo chafu? Huko sabuni zimekwisha? Ilikuwa inanuka jasho na dawa ya hospitali, nikasema huyu mdogo wangu anateseka hata nafasi ya kufua hana. Nimeiloweka, nimeifua kwa mkono, nimeitia wanga, nimeipiga pasi mpaka mikono yake imesimama. Iko kabatini inakungoja. Ukirudi utaivaa kama mtu.

Mwanao anakimbia sasa. Andika basi.

Dada yako

25 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako ya Machi imefika leo. Posta wanasema ilikwenda mji mwingine kwanza. Nimeisoma nimesimama, nikakaa nikaisoma tena.

Fulana nimeitoa kabatini. Niliinusa kote, hata chini ya kola, hata kwenye mshono wa kwapa. Inanuka sabuni yangu tu. Sikujua la kufanya nikampa hivyo hivyo. Aliikumbatia, akaiweka shavuni, akalala papo hapo. Shemeji yako akasema unaona, anamjua mama yake.

Tuma nyingine. Nakuapia hiyo sitaigusa hata kwa ncha ya kidole.

Dada yako

30 Juni

Dada,

Nisamehe kwa kimya. Natumaini kikohozi cha shemeji kimekwisha na mwanangu yuko salama. Mimi nilishikwa na homa, nikapona. Mkunga aliniuguza. Ameshaondoka sasa, chumba kimekuwa kimya na usingizi hauji, nilikuwa nimezoea kabati linaburutwa.

Hukukosea. Nguo chafu mkononi mwa dobi ilikuwa ifuliwe, kosa ni la posta na la mimi kutotia kikaratasi. Usijitese kwa hilo.

Niliivaa nyingine. Ile ya bluu. Niliivaa siku nyingi kuliko ya kwanza, ndani ya sare, nikaikunja kwenye mfuko wa nailoni nikaufunga kwa uzi. Kikaratasi nilikishona juu kabisa. Nilikuwa namngoja mtu wa kumpa.

Ndipo bibi yake Mpangaji akaja. Mama wa marehemu. Alisafiri siku nyingi, viatu vilikuwa vimekwisha, akaketi kwenye benchi la korido akasema nimekuja kuchukua damu yangu. Mpangaji alikuwa ameshanenepa, mashavu yamejaa, kila mtu wodini anamjua. Tukambadilisha kifua. Dada, yule mtoto alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake. Aligeuza shingo upande niliosimama. Nilirudi nyuma, akaendelea kugeuka. Nilitoka nje kabisa, nikamsikia bado. Bibi naye akaanza kulia, akasema huyu hanitaki, mwacheni hapa hapa.

Metroni akanifuata nje. Akaniuliza kama nina nguo niliyoivaa. Nilijua anachotaka. Ndiyo dawa yetu, nilikuwa nimekwisha kuifanya kwa wengine: bibi avae nguo yenye harufu anayoijua mtoto, mpaka harufu mbili zichanganyike. Niliyokuwa nimevaa nilikuwa nimeibadilisha asubuhi ile, ilikuwa bado haijashika harufu yangu. Nilikwenda chumbani, nikakata uzi.

Alitulia. Wakaondoka jioni, bibi amevaa fulana ya bluu juu ya gauni lake.

Kikaratasi chako ninacho. Sikuvaa nyingine tena, sikuweza.

Wameniomba nibaki mpaka Desemba kwa sababu wauguzi wawili wamehama. Nimekubali. Nijibu tafadhali, hata kama ni kunitukana.

Mdogo wako

22 Julai

Mdogo wangu,

Wazima. Kikohozi kimekwisha. Mashuka ni yale yale.

Kukutukana sitakutukana, ila nakuuliza kama dada yako mkubwa. Ulisema miezi sita. Wauguzi wawili wamehama na wewe ndiye uzibe pengo, sawa, na pengo lako hapa nani anaziba? Mtoto wa watu akageuza shingo moyo wako ukakatika. Wa kwako aligeuza shingo wiki nzima ulipoondoka, sikukuandikia, nilisema nisikuvunje nguvu.

Sasa hageuki. Nakwambia ukweli kwa kuwa hutaki kuuliza. Ananiita mama. Sikumfundisha. Kila akiniita nilikuwa namwambia mimi mama mkubwa, mama yako huyu hapa kwenye picha. Anaiangalia picha, anaibusu kwa sababu nimemwambia aibusu, kisha anarudi kunishika sketi, mama. Mwezi wa tano nilichoka kumsahihisha. Wateja walikuwa wamesimama pale, akaniita, nikaitika.

Unajua sikujaliwa. Unajua nimeomba kiasi gani. Kwa hiyo usinipe mtihani huu mrefu, mimi ni binadamu. Rudi. Ukifika Desemba sijui utatukuta tukoje, na usije kunilaumu.

Dada yako

11 Januari

Dada yangu,

Nimefika tena huku salama. Najua umekasirika kwamba niliondoka wakati umepeleka nguo kwa wateja. Nilimwachia shemeji salamu, sijui alizifikishaje, yule bwana akitumwa maneno matatu anafikisha moja. Asante kwa kunipokea. Asante kwa kitanda ulichonitandikia pembeni ya kitanda cha mtoto.

Tulikaa pamoja wiki tatu tukazungumza kila kitu, bei ya sabuni, mkunga, majirani, isipokuwa jambo lenyewe. Nimevuka mipaka yote hii ndipo nikaweza kuliandika.

Siku niliyofika alijificha nyuma ya sketi yako. Hilo nililitarajia, mimi ni muuguzi, nawajua watoto. Nilimletea mpira, akaupenda. Nilimwogesha, akanivumilia. Usiku uliposema alale nami alilia mpaka sauti ikamkauka, nami nikamwimbia. Nilikuona mlangoni. Mikono yako ilikuwa inadondosha maji na hukuingia, ulijizuia ukashika fremu ya mlango. Nikajua unanipa nafasi, na nikajua inakuuma vipi.

Halafu ile siku alipoteleza kwenye sabuni uani. Tulikimbia wote wawili. Mimi ndiye niliyekuwa karibu, nilikuwa nimeshapiga magoti, nimefungua mikono. Akainuka, mdomo unatoka damu, akanipita. Alinipita, Dada, kama mtu anavyopita mti njiani, akaja kwako. Ukanitazama kwa macho ya kuomba msamaha, nikakimbilia ndani kuchukua pamba.

Nisikudanganye kwamba nimerudi huku kwa sababu yake tu. Tangu azaliwe, nikimwangalia naona wawili. Anacheka, namwona mwenzake hacheki. Amekua, nguo zimembana, namwona yule mwingine amebaki na urefu ule ule tuliomfunika nao. Nilidhani nikibeba watoto wa kutosha kifuani itapungua. Haijapungua, ila huku nikibeba mmoja namwona mmoja, napata kupumua. Kwa mwanangu mwenyewe sipumui. Mtoto anahitaji mtu anayemwangalia akamwona yeye peke yake, na mtu huyo ni wewe.

Nimemwambia metroni nabaki. Mfundishe kuniita mama mdogo. Watoto wengi wana mama mdogo wa mbali anayeleta mipira, hakuna atakayemcheka. Picha itoe ukutani, isimchanganye. Siku akikua tukaona inafaa, tutamwambia, na kama haifai basi.

Msalimie shemeji. Kidole asilale bila soksi, kule nyumbani kwako asubuhi kuna baridi.

Mama yake mdogo

9 Februari

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Shemeji yako amesema salamu zilikuwa nyingi, yeye ameshika moja, kwamba umekwenda. Mwanao ana mafua kidogo, yanaisha.

Barua yako nilikaa nayo. Sijui kuandika maneno mazuri kama wewe, nitaandika hivi hivi.

Zile wiki tatu zote ulizokaa, sanduku la mtoto lilikuwa chini ya kitanda changu. Nilifua kila nguo yake, nikapiga pasi, nikapanga, na viatu vidogo alivyoshona shemeji yako nikavitia juu. Nilikuwa nangoja uniambie, Dada, namchukua mwanangu, nakwenda kuanza naye maisha. Ningelia. Ningekuita mwizi, ningekukumbusha nani aliyemwona akitembea, ningekutolea maneno ambayo ndugu hawaambiani. Kisha ningelivuta lile sanduku nikakupa. Nilijiandaa kunyang'anywa. Kuachiwa sikujiandaa.

Namtaka, usifikiri simtaki. Nilimtaka kabla hata hujapanda gari. Pale alipokupita akaja kwangu, midomo yangu ilisema pole na moyo wangu ulicheka, na tangu siku ile siupendi moyo wangu. Nilifikiri utaona, utanigombeza, utanipigania mtoto kama tulivyokuwa tunapigania blanketi. Wewe ukaenda kuchukua pamba.

Umesema kwangu anaonekana mmoja. Ni kweli, namwona mmoja. Lakini sasa, kila nikimbeba, nakuona na wewe.

Picha sijaitoa na sitaitoa. Mama mdogo nimemfundisha, analisema vizuri sana, analisema kwa kila mwanamke anayeleta nguo. Sanduku nimelifungua, nguo zimerudi kabatini.

Mimi ananiita vile vile, mama, kutwa nzima, mama maji, mama tazama. Naitika. Ila siku hizi nachelewa kidogo, nanyamaza kwanza, kama kuna mtu mwingine humu ndani anayepaswa kuitika kabla yangu. Namngoja. Akiwa kimya, naitika mimi.

Dada yako